Tumegawana kiwanja cha marehemu baba kwa kamba, halmashauri wanasema hawakitambui. Naanzia wapi?

Mkwezi wa Zamani · #1
Wakuu, habari za majukumu. Naomba msaada wa mawazo, ni refu kidogo, mnivumilie.

Marehemu baba aliacha kiwanja kimoja chenye hati, mita 52 upande wa barabara na mita 80 kwenda nyuma. Tuko wanne. Mirathi ilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, msimamizi ni mimi. Mwaka juzi tulikaa kikao cha familia, tukamwita mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wawili, tukavuta kamba. Kila mtu mita 20 kwa 52: kaka mkubwa mbele kwenye nyumba ya baba, mimi wa pili, dada wa tatu, mdogo wetu kule mwisho. Pembeni tukaacha kichochoro cha hatua tatu cha kupita watu. Mwenyekiti akaandika, tukasaini, akagonga muhuri, tukapeana mikono.

Mdogo wetu hakuchelewa. Miezi mitatu tu kauza kipande chake. Mnunuzi ana karatasi ya mauziano yenye muhuri uleule.

Juzi nimekwenda halmashauri kuomba kibali cha ujenzi. Afisa kaangalia hati, kaangalia karatasi yetu, kaniuliza, "Kiwanja namba ngapi?" Nikamtajia namba ya kwenye hati. Akasema hiyo ni ya kiwanja chote na mwenye hati ni baba yako, hicho kipande unachosema hakipo kwenye ramani yoyote. Nikamwonyesha muhuri. Akasema mtaa umeshuhudia kwamba mmeelewana, basi. Kugawa kiwanja siyo kazi ya mtaa.

Kwa hiyo tulichofanya siku ile ni nini? Na je, kaka amesharekebisha nyumba, mdogo amesharuka na hela, tunaweza kweli kurudi nyuma? Nawasilisha.

Ngoja Ngoja · #2
Nimekaa siti ya mbele. Waje wataalamu.

Kamba Fupi · #3
Mkuu unajisumbua bure. Tafuta mtu wa ardhi mle ndani, mwachie ya soda, mchoro unatoka wiki moja. Jirani yangu ndivyo alivyofanya na sasa hivi anajenga.

Fundi Bikoni · #4
Kamba Fupi, acha kupotosha watu. Jirani yako ana karatasi, sawa. Mwambie aombe upekuzi wa kile kiwanja aone kama huo mchoro uko kwenye kumbukumbu za ofisi au uko kwenye droo yake peke yake. Nimebeba vyombo vya upimaji tangu enzi za mnyororo na theodolaiti mpaka nimestaafu, michoro ya kupikwa mezani nimekutana nayo mingi. Siku ya kwenda kuweka mawe ya mipaka ndiyo inajulikana, maana mistari inaangukia sebuleni kwa mtu.

Mkwezi, huyo afisa hakukuonea. Kwa Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Baba yako alipewa haki ya kukitumia kiwanja kile kwa muda na kwa masharti, na masharti yamo humo humo kwenye hati. Toa ile ya ndani uisome taratibu, watu wengi wanasoma jalada tu. Kugawa kiwanja ni kubadilisha mpango wa mji, na mamlaka ya upangaji kwa Sheria ya Mipangomiji ya 2007 ni halmashauri: ya jiji, ya manispaa, ya mji au ya wilaya. Mwenyekiti wa mtaa hayumo. Yeye anakufahamu wewe na majirani zako, na barua yake utaihitaji, lakini kama utambulisho tu.

Mlichofanya siku ile kinaitwa makubaliano ya familia. Kina thamani yake, kitunzeni. Ila kwenye ramani kiwanja bado ni kimoja.

Njia yenyewe iko hivi. Kwanza wewe kama msimamizi unapeleka barua ya usimamizi kwa Msajili wa Hati ili jina la marehemu litoke liingie lako kwa cheo hicho cha usimamizi. Marehemu haombi kugawa kiwanja. Pango la ardhi liwe limelipwa lote, wataangalia hilo kabla ya salamu. Kama hati iliwekwa rehani benki au ina zuio la mtu, hapo pana kituo kingine kirefu.

Ndipo unamtafuta mtaalamu wa mipango miji aliyesajiliwa, siyo mpima, akuchoree mchoro wa mgawanyo. Maombi yanaenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, watu wa ardhi wanakuja kukagua, yanaingia kamati ya madiwani inayoshughulikia mipango miji, kisha mchoro unapanda ngazi ya juu kuidhinishwa. Mchoro ukishapita ndiyo mpima anaingia uwanjani. Mawe yakiwekwa anatengeneza ramani ya upimaji, nayo inaidhinishwa kwa mamlaka ya Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Hapo kila kipande kinapata namba yake. Hati ya zamani inarudishwa, inafutwa, zinatoka nne.

Mkwezi wa Zamani · #5
Shikamoo mzee wangu, nimekuelewa sana. Sasa tatizo, mpima nimeshampa kianzio wiki iliyopita. Alisema yeye anapima kwanza, mchoro utafuata vipimo vyake.

Fundi Bikoni · #6
Marahaba. Mpigie leo hii asimame. Kuna mama mmoja, namkumbuka kwa kuwa alikuwa anakuja ofisini na kiti chake mwenyewe cha kukunja kwa sababu ya magoti. Alipimiwa viwanja vitano, mawe kumi na mbili, yamemwagiwa zege safi kabisa. Ramani ikapelekwa, ikarudi. Hakuna mchoro uliopitishwa, mpima alipima nini? Alipokuja kuchora mtu wa mipango miji, barabara ikapita katikati ya vipande viwili. Mawe saba yaling'olewa na alilipa upimaji mara mbili. Na huyo mpima wa kwanza hakurudisha hata nauli.

Mpima anaweza kuja sasa kwa kazi moja tu: kufufua mipaka ya nje ya kiwanja chenu, kuhakikisha mawe ya hati ya baba yapo mahali pake. Hiyo ni sawa, na mchoraji ataihitaji. Je, unajua mawe yenu manne yako wapi?

Mkwezi wa Zamani · #7
Matatu nayajua mzee. La nne la kona ya nyuma kushoto sijawahi kuliona.

Bi Mkubwa Hajambo · #8
Mwanangu Mkwezi, hayo ya hati mzee kamaliza. Mimi nakuuliza swali la mtu aliyeishi kiwanja cha nyuma miaka kumi na minne: hicho kichochoro cha hatua tatu, gari la kunyonya choo litapita wapi?

Sisi tuligawana hivyo hivyo kwa mapenzi. Mwanzoni raha, watoto wanakimbizana. Wa mbele akajenga ukuta, wa pili akajenga ukuta, kichochoro kikabaki upana wa bajaji iliyokunja vioo. Mama mkwe alipofariki, jeneza halikuweza kukata ile kona. Tulimwomba jirani wa pembeni afunge mbwa wake, tukapitisha msiba uani kwake, chini ya kamba za nguo, watu wanainua shuka kwa mkono. Sijasahau na sitasahau.

Halmashauri watakacholilia kwanza ni hicho. Kila kipande kiguse njia. Siyo njia ya kuelewana, njia iliyochorwa na kuhesabiwa, ambayo haiwi ya mtu. Na hiyo njia inatoka kwenye eneo lenu wenyewe, hawawaletei kutoka mbinguni.

Kamba Fupi · #9
Sasa wa mbele anayegusa barabara tayari anakatwa ya nini? Hapo kuna uonevu.

Bi Mkubwa Hajambo · #10
Ndiyo swali litakaloleta ugomvi, na ni heri ligombaniwe mezani sasa hivi kuliko mlangoni baadaye. Mrithi wa mbele alipata nyumba na alipata barabara. Wa nyuma kapata nini? Njia ni mzigo wa kiwanja chote, wote wanne wakatwe.

Ngoja Ngoja · #11
Bi mkubwa ahsante. Huo msiba umeninyamazisha.

Karatasi ya Njano · #12
Naomba nidandie uzi. Mimi ni upande wa pili, nimeuziwa kipande cha mtu mwenye hati ya kiwanja kizima. Nina karatasi ya mauziano, mashahidi sita, muhuri wa mtaa, picha tukikabidhiana hela. Kila nikimwomba tugawe rasmi ananiambia "si unakaa, nani kakufukuza?" Nifanyeje?

Fundi Bikoni · #13
Karatasi ya Njano, kwa halmashauri mwombaji ni mwenye hati. Wewe huwezi kuomba kugawa kiwanja ambacho hakina jina lako. Ulichonunua ni ahadi yake, na ahadi inadaiwa. Mtafute wakili aiangalie hiyo karatasi kama inamfunga kushiriki kugawa. Kama haimfungi, kaa naye muandikiane nyongeza angali hai na angali na njaa ya hela, ukibakiza malipo kidogo ndiyo mkono wako wa kumvutia. Mwambie pia mkeo au mumeo ajue, na ujue kama mwenye hati ana mwenza. Nimeona mgawanyo umefika mwisho kabisa, mke akajitokeza na zuio.

Ulishamaliza kumlipa?

Karatasi ya Njano · #14
Nilimaliza siku ileile.

Fundi Bikoni · #15
Basi wakili.

Nyumbani Molo · #16
Salamu kutoka Kenya. Ninawasoma nikiona tofauti kubwa. Huku kwetu shamba la kilimo huwezi kuligawanya bila idhini ya bodi ya ardhi, ile bodi ya udhibiti, sheria yake ni ya 1967. Unakaa mbele yao na bibi yako, yaani mke, na watoto wakubwa, mnaulizwa kama mmekubaliana. Ukiuza bila hiyo idhini mauzo ni batili. Halafu seveya, yaani mpima, anajaza fomu ya mutesheni, ile ya kugawa ardhi, ndipo ramani ya eneo inarekebishwa. Serikali ya kaunti nayo inataka mpango uidhinishwe. Je, huko hakuna bodi?

Shamba Darasa · #17
Karibu Molo. Huku hatuna bodi ya aina hiyo. Kilichopo ni kwamba inategemea ardhi iko kundi gani, na hapa watu wanachanganya sana hivyo niweke sawa. Mkwezi ana kiwanja kilichopimwa chenye hati mjini, kwa hiyo anapita njia aliyoeleza mzee. Ukiwa na eneo mjini ambalo halijawahi kupimwa, wewe hugawi, wewe unasubiri au unachangia urasimishaji wa mtaa mzima, na hapo mchoro unachorwa wa watu wote pamoja na njia zenu. Ukiwa kijijini ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, pia ya 1999, unaongea na halmashauri ya kijiji na hati inayotoka ni ya kimila.

Na jamani zile ekari za hatua 70 kwa 70! Ekari ni mita za mraba 4,047. Hatua 70 za yadi moja moja zinakupa mita 64 kila upande, mita za mraba kama 4,096, inakaribia kabisa. Lakini hatua za nani? Muuzaji akiwa mfupi umeibiwa na hakuna kesi.

Mtu wa Makole · #18
Nyongeza kwa wa Dodoma wenye makaratasi ya zamani ya CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu: ile mamlaka ilivunjwa 2017 na shughuli zake zikaenda manispaa, ambayo sasa ni jiji. Maombi ya kugawa yanapelekwa Jiji. Kuna watu bado wanaulizia jengo.

Mkwezi wa Zamani · #19
Wakuu, nimerudi. Wiki mbili hizi nimefanya kama mlivyosema.

Jiwe la nne limepatikana. Mpima alikuja na kile chombo cha setilaiti, akatembea akisoma namba mpaka akasimama ndani ya banda la kuku la jirani. Akasema lipo hapa, chini ya sentimita thelathini. Jirani akacheka. Wakachimba, wakakuta chuma kwenye zege, herufi na namba zinasomeka ukisugua udongo. Jirani aliacha kucheka. Banda limeingia kwetu mita moja na nusu. Ni mtu mwema lakini, amesema atalihamisha kuku wakishauzwa.

Sasa pasua kichwa. Mtaalamu wa mipango miji kaja, katembea, kaangalia nyumba ya baba, kauliza shimo la choo liko wapi. Kaka akamwonyesha. Mtaalamu akavuta utepe, akatuita wote. Kamba yetu ya mwaka juzi ilipita katikati ya nyumba na shimo lake. Yaani choo kiko kwa kaka, shimo liko kwangu. Miaka miwili nimepanda migomba pale nikishangaa inavyostawi.

Ngoja Ngoja · #20
😂😂😂 Migomba ya kaka mkubwa hiyo.

Bi Mkubwa Hajambo · #21
Nimecheka mpaka mjukuu kaja kuniuliza. Haya, njia je?

Mkwezi wa Zamani · #22
Kachora njia ya mita 6 upande wa kulia kutoka barabarani mpaka mwisho, mita 80 zote, ili jirani wa nyuma naye akija kugawa iungane. Hiyo ni mita za mraba 480 zimeondoka. Kiwanja kilikuwa 4,160, zimebaki 3,680. Tukigawa sawa kila mmoja 920, wakati kwenye karatasi ya mwenyekiti tuliandikiana 1,040.

Kaka kakataa katakata. "Mimi niko barabarani, njia yenu nilipie mimi?" Kikao kilivunjika saa nne usiku, dada analia.

Kilichotuokoa ni shimo. Mtaalamu alimwambia kwa upole kwamba mpaka ukikaa pale ulipo, mwenye kiwanja cha pili anaweza kulifukia shimo siku yoyote. Mpaka usogee mita 3. Kaka akakaa kimya muda mrefu. Tukaelewana hivi: yeye achukue mita 23 kwa 46, sisi watatu mita 19 kwa 46 kila mmoja. Anapata 1,058, sisi 874. Naye akubali njia, na upimaji wote alipie yeye.

Shamba Darasa · #23
Hesabu imekaa, nimejumlisha, 3,680 kamili. Sasa mnunuzi wa mdogo wako? Yeye ana karatasi ya 1,040.

Mkwezi wa Zamani · #24
Hapo ndipo sijalala. Nilimpigia nikamweleza. Akanyamaza, akauliza, "Kwa hiyo gari langu litafika?" Nikamwambia litafika mpaka mlangoni. Akasema anataka arudishiwe hela ya mita za mraba 166, lakini njia anaitaka zaidi. Mdogo wetu simu yake haipatikani tangu nilipomtumia ujumbe wenye neno "kurudisha".

Fundi Bikoni · #25
Hilo msiliache likaelea. Mnunuzi asaini kwenye barua ya maombi kwamba ameona mchoro na ameukubali, na deni la mdogo wenu liandikwe pembeni kwenye karatasi yake. Kamati wakiona mtu wa nyuma hajaridhika wanawarudisha. Na msisahau kuandika matumizi ni makazi kama hati ilivyo. Kaka yako akitaka fremu za duka pale mbele, hilo ni ombi la kubadili matumizi, linajitegemea. Mkilichanganya humu yote mawili yatakwama.

Uliza pia eneo lenu lilipangwa la ujazo gani, yaani viwanja vibanane kiasi gani. Maeneo ya ujazo wa chini hawapendi vikatwe vidogo.

Mkwezi wa Zamani · #26
Nimeuliza mzee, ni ujazo wa kati, mtaalamu kasema tuko salama.

Mkwezi wa Zamani · #27
Mrejesho, miezi saba baadaye. Samahani kwa ukimya.

Jina la usimamizi liliingia kwenye hati, hilo lilichukua muda kuliko nilivyodhani kwa sababu cheti cha kifo kina herufi moja ya jina la baba tofauti na hati. Nilirudi kuapa. Wenye mirathi angalieni majina mapema.

Maombi yaliingia, wakaja kukagua watu wawili. Walipima upana wa njia pale inapoungana na barabara, wakauliza maji ya mvua yatakwenda wapi. Hatukuwa na jibu. Wakasema upande mmoja wa njia uachwe mtaro, mtaalamu akaongeza kwenye mchoro, ukaenda upya. Kikao cha kwanza cha kamati kiliahirishwa, cha pili tukapita. Kule juu nako mchoro umeshagongwa muhuri. Nimeushika kwa mikono yangu, una namba, na vipande vinne vimechorwa vikiwa vimegusa njia.

Banda la kuku limehama. Mawe ya ndani yanawekwa Jumamosi. Kaka kalipa nusu, nusu nyingine anasema tusubiri mwisho wa mwezi. Mdogo alijitokeza kwenye harusi ya binamu, mnunuzi akamkuta palepale karibu na sahani, wameandikiana kulipa kidogo kidogo. Migomba nimebakiza mitatu, iko upande wa kaka sasa, ananiletea mkungu.

Bi Mkubwa Hajambo · #28
Hongera mwanangu. Njia msiijenge ukuta mpaka gari la choo lijaribu kugeuza kwanza.

Karatasi ya Njano · #29
Hongera mkuu. Naomba nije inboksi unipe namba ya huyo mtaalamu wa mipango miji. Mwenye hati wangu amekubali kukaa, mkewe ndiye kamlazimisha.